Karatasi za Siku ya Usalama Zipangwe Mapema



Tarehe 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Kazini. Shirika la Kazi Duniani ndilo lililoiweka, na tangu mwaka 2003 inafanywa katika nchi nyingi. Kampuni yetu nayo huifanya. Wanakuja wafanyakazi na jamaa zao, wakubwa wa serikali, wafanya-biashara wanaotuuzia kaske na buti, na wageni wa kampuni nyingine. Siku hiyo unaona karatasi kila mahali: barua za mwaliko, programu, afishi ukutani, vikaratasi vya kupewa mkononi, na kile kitambaa kirefu cha plastiki kinachofungwa juu ya mlango.

Mara nyingi katika ukurasa huu tunasoma juu ya ugonjwa au ajali. Leo somo letu ni hizo karatasi. Usiseme, "Hiyo ni kazi ya sekretari." Karatasi nayo inaweza kuumiza mtu. Mimi mwenyewe nilikaribia kuumiza watoto kwa karatasi, na nitakueleza namna ilivyotokea.

Miaka miwili iliyopita niliombwa kutayarisha kikaratasi juu ya kuhara kwa watoto, ili kigawiwe Siku ya Usalama. Niliandika kwa mkono namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi 1/2 kijiko cha chai. Nikapeleka mahali pa kuchapisha hapa mjini. Fundi akaandika katika mashini yake, na ule mstari mdogo wa katikati ukapotea. Kabla ya kuchapisha alinitolea karatasi moja ya majaribio nitie sahihi. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, nikaisoma kwa taa ya simu. Niliangalia kama jina la kampuni limeandikwa vizuri, nikaangalia picha, nikatia sahihi. Fundi hakuwa na kosa. Sahihi ilikuwa yangu.

Vikaratasi 300 vikatoka. Siku mbili kabla ya sherehe tulianza kuvigawa katika kambi, na 60 vikawa vimekwisha kutoka mikononi mwetu. Kesho yake asubuhi mama mmoja alikuja katika dispensari yetu ya Lumumba, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Akaniambia:

"Munganga, samahani. Hapa mmeandika chumvi vijiko kumi na viwili. Mimi nilitia viwili tu, nikaonja, nikamwaga. Hii ni dawa ya mtoto ao ni maji ya kulowesha samaki?"

Nilichukua karatasi. Ilikuwa kweli: sukari vijiko 6, chumvi vijiko 12. Miguu yangu ilipoteza nguvu.

Labda utauliza, chumvi ina hatari gani? Mtoto anayehara amepoteza maji mengi. Ukimpa maji yenye chumvi nyingi, ile chumvi inavuta maji kutoka ndani ya mwili wake, hata kutoka ubongo. Anazidi kukauka, anapata degedege, na anaweza kufa mikononi mwa mama yake, huku mama akifuata vizuri sana yale aliyosoma. Ndiyo maana walimu wetu wa afya wanafundisha kuonja kwanza: maji hayo yasizidi chumvi ya machozi. Mama yule hakujua somo hilo. Alionja tu, kama vile mama anavyoonja cho chote kabla ya kumpa mtoto wake.

Tulizunguka kambi nyumba kwa nyumba, mimi na kapita wawili. Kufika usiku tulikuwa tumerudisha karatasi 53. Saba hatukuziona. Zile 240 zilizobaki tulizichoma nyuma ya dispensari.

Tangu siku ile nimekuwa mtu mwenye kusumbua juu ya karatasi. Sasa niambie, ukichaguliwa katika kamati ya Siku ya Usalama, utaanza wapi?

Uanze na kalenda, na uhesabu kwa kurudi nyuma. Sherehe ni tarehe 28 Aprili. Karatasi ziwe mkononi mwako tarehe 20, ili upate siku za kugawa na siku za kusahihisha. Kwa hiyo fundi apewe kazi iliyokwisha kukubaliwa katika juma la kwanza la Aprili. Kabla ya hapo unahitaji majuma mawili ya kuwaonyesha watu na kubadilisha. Basi maneno yenyewe yawe yameandikwa mwisho wa Februari. Wengine wanacheka wakisikia Februari. Lakini wewe unaishi Bunia, unajua. Karatasi nzuri, wino na plastiki ya mabango vingi vinatoka Uganda, kwa njia ya Mahagi ao kwa kuvuka ziwa mpaka Kasenyi. Njia ikifungwa, bei inapanda siku ile ile. Umeme nao una mambo yake. Na Aprili ni mvua.

Pili, uchague maneno machache. Kosa la kamati nyingi ni kutaka kusema yote katika afishi moja: kaske, vumbi, malaria, pombe, chandarua, na maneno ya mkurugenzi juu yake. Mtu anapita na toroli yake, hana dakika tano. Afishi moja iwe na jambo moja. Na jambo hilo lichaguliwe katika yale yanayotuua sisi, si katika kitabu cha mahali pengine. Mimi hupenda kuchukua daftari la dispensari la mwaka uliopita na kuhesabu: ni majeraha gani, ni homa gani, ni vifua vingapi vya vumbi. Daftari linakuonyesha afishi ya mwaka huu.

Nikupe mfano wa karibu. Huko Durba, upande wa Watsa, kati ya mwaka 1998 na 2000 kulikuwa na ugonjwa wa Marburg. Watu 154 waliugua, na 128 kati yao walikufa. Wengi walikuwa vijana wachimbaji wa dhahabu, na shimo lililojulikana sana ni lile la Goroumbwa, lenye popo wengi. Shimo lilipojaa maji, ugonjwa ulikoma. Sasa tuseme unataka kufanya afishi kwa wachimbaji juu ya mambo haya. Ukichora popo peke yake, mtu ataelewa nini? Asimle? Asimguse? Amwue? Wako watu ambao kwao popo ni mboga, na picha nzuri ya popo itawatia njaa tu. Inabidi uchore mtu, mlango wa shimo, popo, na alama ya kukataza, na chini uandike kwa maneno ya wazi: "Usiingie katika shimo la popo."

Tufike kwenye picha, maana hapa ndipo tunapodanganyika sana. Tunafikiri picha haihitaji kusomwa. Walimu wa usalama wanasimulia habari ya migodi ya Afrika Kusini zamani. Walitaka wafanyakazi waondoe mawe kwenye reli za vigari. Wakachora picha tatu mstari mmoja: mtu anaona jiwe kwenye reli, anaokota, anaweka katika kigari. Lakini mawe yakazidi kuongezeka kwenye reli! Kwa nini? Wafanyakazi wengi hawakwenda shule, hakuna aliyewafundisha kwamba macho yaanze kushoto. Walisoma kutoka kuume: mtu anatoa jiwe katika kigari, anainama, analiweka kwenye reli. Walitii afishi kabisa. Kwa hiyo ukiwa na picha zaidi ya moja, weka namba kubwa 1, 2, 3, ao uzipange kutoka juu kwenda chini.

Rangi nazo zina sheria yake, na ni vizuri nyumba nzima ijue, hata watoto. Duara nyekundu yenye mstari wa kukata maana yake ni marufuku. Pembe tatu ya manjano ni hatari, angalia. Duara ya buluu ni lazima, kwa mfano lazima kuvaa kaske. Mraba wa kijani ni mahali pa usalama, kama njia ya kutokea ao sanduku la dawa. Alama hizi ni za ulimwengu mzima. Msizibadilishe kwa sababu rangi ya kampuni ni nyingine. Niliona kamati moja iliyotaka duara ya kukataza iwe ya kijani ili ipatane na bendera za sherehe. Nilikataa, wakaninunia juma zima.

Sasa lugha. Wakati wa Ebola, ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, tuliletewa afishi nyingi sana. Nyingine zilikuwa za Kifaransa, nyingine za Kiswahili safi cha vitabu. Shirika la Translators without Borders lilipochunguza mambo hayo huko Kivu Kaskazini lilikuta watu wengi hawaelewi maneno yaliyochapishwa, na kwamba walitaka kuelezwa sababu, si kupewa amri tu. Sisi huku hatukuhitaji kuchunguza, tulikuwa tunaona. Ukiandika "zebaki" katika afishi, mwenye kuosha dhahabu anapita kama hakuitwa. Andika "merkiri", atageuka. Halafu mweleze sababu: unapochoma ule mchanganyiko wa dhahabu na merkiri, moshi wake hauonekani wala haunuki vibaya, lakini unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na mimba ndani ya tumbo la mama inaumia zaidi. Kwa hiyo usichome jikoni, wala karibu na watoto. Maneno hayo machache yanatosha.

Vivyo hivyo tuliwahi kuandika, "Vaeni vifaa vya kujikinga." Mzee mmoja wa kinu aliniuliza kama ni dawa ya kienyeji. Sasa tunaandika kaske, buti, glavu, kitambaa cha pua.

Hebu turudi kwa ile karatasi ya chumvi, maana ilikuwa na makosa mengine ambayo hata sikuyaona mpaka yule mama aliponiketisha. Niliandika "lita 1", na fundi alipamba pembeni kwa picha ya chupa. Ilikuwa chupa ya bia! Chupa kubwa ya bia ya kwetu ina sentilita 72, si lita. Mama akipima kwa chupa ile, hata chumvi ikiwa sawa, maji yatakuwa machache na dawa itakuwa kali kupita kiasi. Na kijiko: niliandika "kijiko cha chai", lakini katika nyumba nyingi kijiko kilichopo ni kile cha kulia chakula, nacho kinabeba kama mara tatu. Karatasi mpya ina picha ya vijiko viwili vikubwa kama vilivyo kweli, kimoja kimekatwa kwa mstari mwekundu. Mama anaweka kijiko chake juu ya picha na kupima.

Namba zinataka ulinzi kuliko maneno. Usiandike 1/2, wala 0,5, katika karatasi ya watu. Andika "nusu". Namba nyingine ziandike mara mbili: 6, sita. Saa pia. Mwaliko wa Kifaransa ukisema 9h00, ule wa Kiswahili useme "saa tatu ya asubuhi", na hakuna ubaya kuweka vyote viwili pamoja. Tarehe iandikwe na jina la siku, ili kosa lijionyeshe lenyewe.

Karatasi ikiwa tayari kwa majaribio, usiulize watu, "Mmeelewa?" Wote watajibu ndiyo, kwa heshima. Tafuta watu watatu: mmoja anayesoma vizuri, mmoja anayesoma kwa kugugumia, mmoja asiyesoma kabisa. Mpe kila mmoja peke yake, nyamaza, halafu uulize, "Karatasi hii inakuambia ufanye nini?" Sikiliza bila kumsaidia. Akikosea, si yeye aliyekosea. Afishi nayo uibandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi, uone kama bado unaisoma. Usipoisoma, punguza maneno, ongeza ukubwa wa herufi.

Na karatasi ya mwisho kabla ya sahihi isomwe asubuhi, katika mwanga, na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti ile iliyoandikwa kwa mkono, wa pili anafuata kwa kidole ile ya mashini. Haichukui nusu saa.

Juu ya hesabu nitasema kidogo tu. Rimu moja ina karatasi 500 za A4. Ukizikata katikati unapata 1,000 za A5, na A5 inatosha kwa kikaratasi cha mkononi. Ikiwa wafanyakazi ni 300, kila nyumba moja, ongeza 50 kwa wageni, basi. Afishi usihesabu watu, hesabu kuta. Barua za mwaliko ziandikwe na mtu anayejua vyeo, na majina yasomwe tena na mtu mwingine. Watu wetu wanasamehe chumvi kuliko cheo.

Kitambaa kirefu cha mlangoni kinagharimu fedha nyingi kuliko vingine vyote. Usichapishe mwaka juu yake. Andika "Siku ya Usalama na Afya Kazini, 28 Aprili", na mwaka uwe katika kipande kidogo kinachofungwa pembeni. Hivyo kitatumika tena. Lakini kamati iteue mtu wa kukifungua jioni ile ile, maana kitambaa chetu cha mwaka mmoja nilikikuta sokoni, kimefunika kibanda cha mihogo, jina la kampuni likiwa linasomeka vizuri kabisa mvuani. Afishi za nje zipigwe plastiki ao zibandikwe chini ya paa.

Usigawe vikaratasi kwa kutupia watu mlangoni. Nimekwisha kununua karanga zilizofungwa katika somo langu mwenyewe juu ya malaria. Sikumlaumu mwenye karanga, karatasi alipewa bila neno. Tangu hapo tunagawa kwa mkono, mtu kwa mtu, kwa sauti: "Mama, hii ibandike nyuma ya mlango wa jiko." Tunamwonyesha jambo moja lililoandikwa, tunamwacha aulize. Inachukua muda, ndiyo, na vikaratasi vinavyotosha ni vichache kuliko tulivyofikiri.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya niandike. Zile karatasi saba hazijapatikana mpaka leo. Ni za kijani hafifu, ukubwa wa A5, juu kuna picha ya mama anayenywesha mtoto, pembeni chupa ya bia. Angalia nyuma ya milango, ndani ya daftari za watoto, chini ya godoro, katika sanduku la dawa. Uliza pia jirani aliyehama kambi. Ukiiona, ipasue, ao uilete dispensari ya Lumumba nikupe ile mpya. Vipimo vya kweli ni hivi: maji safi yaliyochemshwa na kupoa lita 1, moja, sukari vijiko vya chai 6, sita, vilivyosawazishwa, chumvi NUSU ya kijiko cha chai. Onja kwanza. Yaliyobaki baada ya siku moja, mwaga. Paketi za dawa ya maji tunazo hapa pia, nazo ni bora kuliko za kutengeneza nyumbani. Paketi moja kwa lita moja, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14. Na mtoto akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, ao hawezi kunywa, usisome karatasi yo yote. Mlete mara moja, hata usiku.